Safu ya Tatu, Upande wa Korongo

Uliangalia pembeni. Usikatae, maana nilikuwepo, na mimi nilifanya vilevile. Mwanamke alipigwa na mpira usoni mchana kweupe, Jumapili ya pili ya Agosti, katika uwanja wa besiboli wa Lorimer, mbele ya watu elfu nne. Watu elfu nne wakatazama viatu vyao, bia zao, na yule mtu wa vazi la ndege korongo, la manyoya bandia, aliyetumwa kucheza juu ya banda la wachezaji ili wasiitazame machela. Wilma Jeffcoat, mpishi wa shule ya msingi, amebaki na jicho moja. Klabu ya Korongo inasema kosa ni lake mwenyewe: hakuwa makini.

Alhamisi hii, saa nne asubuhi, kamati ya jiji inayosimamia uwanja itakaa kuamua kama maneno hayo ndiyo yatakayobaki kwenye ripoti. Yakibaki, Wilma hana dai, na wavu unaowakinga watazamaji utaendelea kuishia pale unapoishia sasa. Yakifutwa, wavu utarefushwa. Ni hivyo tu.

Nayajua maneno hayo. Mwaka sabini na nne, Joe Babik alipoachwa na mkono mmoja na mashine ya kukunja mabomba kiwandani kwetu Brier Hollow, waliandika hayohayo, hakuwa makini, na mashine yenyewe ilikuwa haina kizuizi. Karatasi ile ninayo. Nimeitunza kuliko cheti changu cha ndoa, na marehemu mke wangu alilijua hilo na hakulipenda.

Lakini ili uelewe nani aliona nini siku ile, lazima nianze na viti. Viti nilivichagua mimi.

Dada yangu Irma ana mtoto mmoja, Garrett Tully, anayelinda kituo cha kwanza, kona ya kulia ya uwanja, katika timu ya Nyundo. Garrett ni wa mkono wa kushoto, kwa kurusha na kwa kupiga. Irma naye macho yanamwishia. Jicho la kulia limeshazima. La kushoto linaona katikati tu, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba: kilichomo ndani ya bomba anakiona safi kabisa, kilicho nje hakipo. Mwezi wa Juni daktari alimwambia kwamba bomba lenyewe linazidi kuwa jembamba, na ukifika msimu mwingine huenda limeziba. Garrett alikuwa ndiyo kwanza amepandishwa daraja. Irma hajawahi kumwona akicheza na watu wazima wanaolipwa.

Basi akanipigia simu. Hakuomba, Irma haombi. Alisema Nyundo wanakwenda Lorimer mwezi wa nane, mwendo wa saa tatu kwa gari, na kwamba mimi ndiye mwenye gari, tena ndiye ninayejifanya profesa wa besiboli kila Krismasi, kwa hiyo nimtafutie kiti ambacho akikaa atamwona mwanawe, si kisogo cha mtu.

Nilikaa na ramani ya viti ya uwanja huo siku mbili. Sikuwahi kufika Lorimer. Ramani yao imechorwa kichwa chini, kituo cha nyumbani, anaposimama mpigaji, kikiwa juu badala ya chini, hata kushoto kumekuwa kulia. Niligeuza karatasi, nikaigeuza tena, mwishowe nikazunguka meza mwenyewe. Lakini sikuwa na shaka, kwa sababu mtu aliyekulia kwenye mchezo huu anajua mgeni hukaa wapi. Kwetu Brier Hollow, na kila uwanja niliowahi kukanyaga kuanzia utoto wangu, banda la wenyeji liko upande wa kituo cha kwanza na la wageni upande wa kituo cha tatu. Hakuna aliyenifundisha. Ni kama kujua mlango wa kanisa uko wapi. Kwa hiyo, upande wa tatu. Hiyo ilikuwa sababu ya kwanza.

Sababu ya pili: mpigaji wa mkono wa kushoto husimama akiwa amewapa uso watu wa upande wa kituo cha tatu. Ukikaa huko unamwona macho. Ukikaa upande wa kwanza unaona mgongo.

Ya tatu ilikuwa wavu. Nyuma ya mpigaji kuna wavu, na Irma hawezi wavu. Jicho lake hukamata waya, likishakamata waya haliuachii, na kilicho nyuma yake kinapotea. Kwa hiyo nilitafuta pale wavu unapoishia, nikasogea mbele kidogo. Sehemu ya kumi na saba, safu ya tatu, kiti cha nane na cha tisa. Viti vizuri kuliko vyote, nikajisemea.

Kulikuwa na jambo la nne. Nililijua na sikulihesabu. Mpigaji wa kushoto akichelewa, mrushaji akiwa na kasi na kigongo kikafika baadaye kidogo, mpira hauendi mbele. Unachomoka pembeni, chini chini, kwenda upande wa kituo cha tatu, moja kwa moja penye viti vya safu za mbele. Kila mzee wa besiboli anajua hivyo. Ndiyo maana siku ya kuondoka nilichukua glavu yangu ya ngozi ya kudakia mpira. Niliiweka kiti cha nyuma cha gari, na Irma aliponiuliza ya nini nikasema ya ukumbusho.

Tulifika saa saba mchana. Mwelekezi wa viti alikuwa mzee wa kofia ya majani, beji yake imeandikwa Rusnak. Alipangusa viti vyetu kwa kitambaa, polepole, jinsi wanavyofanya wakitaka uingize mkono mfukoni, nami nikauingiza. Irma akakaa. Akaelekeza bomba lake mbele. Banda la wachezaji lilikuwa hatua tano kutoka kwake.

Akauliza Garrett atatokea wapi. Nikamwonyesha ngazi za banda. Tukangoja. Wakaanza kupanda, mmoja mmoja, wakitema maganda ya alizeti.

"Emil," dada yangu akasema. "Hawa wamevaa nyeupe."

Wenyeji huvaa nyeupe. Wageni huvaa kijivu. Nikasema labda wamekuja kuwasalimia wenzao.

"Ndani ya banda la wenzao? Na kofia wamening'iniza?"

Rusnak alicheka mpaka akashika kofia. Akaniambia kwamba hapa Lorimer Korongo wamekaa upande wa tatu tangu uwanja ujengwe, kwa sababu mchana upande huu ndio wenye kivuli, na mwenye timu wa zamani alitaka wageni wakaangwe. Akaonyesha kwa kidole ng'ambo ya pili, kwenye jua kali. Kule, kwa mbali, kulikuwa na watu wa kijivu. Irma aligeuza kichwa huku na huku akiwatafuta. Akampata mmoja, akampoteza.

"Profesa," akasema.

Sasa hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa, na sijaacha mpaka leo. Nilimwambia kwamba hata hivyo atamwona usoni akija kupiga. Akanijibu kwamba Garrett atapiga mara nne, dakika mbili mbili, na muda uliobaki atakuwa upande ule, na yeye Irma hakuja saa tatu za gari kumwona mwanawe dakika nane. Alitaka kumwona akikaa. Akinywa maji. Akichekeshwa na wenzake. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia hivyo tangu mwanzo. Akasema alidhani mtu anayejua besiboli atajua.

Nikaenda kubadilisha tiketi. Rusnak alinituma dirisha la nne. La nne ni la tiketi zilizopotea, wakanituma la tisa. La tisa msichana mmoja, mpole sana, aliniambia upande wa kwanza umejaa, ila nyuma ya wavu zipo nafasi nyingi na ni salama zaidi. Neno hilo, salama, alilitamka kama anavyosema mtu anayeuza godoro. Nikamchukua Irma tukaenda kujaribu. Alikaa nyuma ya wavu kama dakika moja.

"Unaona nini?" nikamuuliza.

"Waya."

Tukarudi. Rusnak, ambaye sasa alikuwa ametuhurumia au ametuchoka, alisema njia ni moja tu: tuvuke kwa miguu mpaka sehemu ya sita, nyuma ya banda la wageni, tuwaombe watu. Kanuni haziruhusu, akaongeza, lakini yeye atakuwa anatazama ndege.

Ndivyo tulivyompata Wilma Jeffcoat. Alikuwa safu ya nne, mama mnene wa miaka hamsini na kitu, mwenye kofia pana ya njano, uso umeiva kwa jua, anajipepea kwa karatasi ya orodha ya wachezaji. Kando yake mumewe, Harold, mtu mwembamba asiyesema. Shingoni Wilma alikuwa na skafu ya Korongo, kwa joto lile. Tiketi alipewa na mwalimu mkuu, zawadi ya mwisho wa mwaka, na mwalimu mkuu hajui besiboli, kamweka katikati ya mashabiki wa wageni.

"Tangu nimekaa hapa nakaangwa kama kitunguu," akatuambia. "Na kitunguu ninakijua mimi."

Nilimweleza habari ya Irma na mwanawe. Sikuwa hata nimemaliza, alikuwa ameshakusanya mifuko. Upande wa Korongo, kwenye kivuli, safu ya tatu! Alimpiga Harold begani ainuke. Kisha akasita, akanitazama vizuri, kama mtu anayenusa maziwa kabla ya kumimina.

"Ngoja kwanza, mzee. Huko kuna shida gani mpaka mnakukimbia?"

"Hakuna shida, mama," nikasema. "Kuna kivuli."

Nilikuwa na glavu kwapani wakati nasema.

Tukabadilishana tiketi. Alimbusu Irma shavuni, akamwambia amtajie namba ya huyo kijana ili amzomee kidogo tu, kwa adabu. Wakaondoka. Niliona kofia ya njano ikizunguka uwanja mzima nyuma ya viti, ikashuka ngazi za sehemu ya kumi na saba, ikakaa. Rusnak akawapangusia viti.

Mchezo ulianza. Garrett alipanda ngazi za banda, hatua nne kutoka kwetu, akamwona mama yake. Mchezaji hapungi mkono akiwa kazini, wenzake watamcheka mwezi mzima. Aligusa tu ukingo wa kofia. Irma aliniambia: amegusa kofia. Nilikuwa nimeona, lakini nikamwacha aniambie.

Zamu tano dada yangu hakula, hakunywa, mkate wa soseji nilioununua ukapoa mapajani mwake. Alimweka mwanawe ndani ya bomba lake akamshikilia humo. Alinitangazia kila kitu. Anafunga kamba. Anamtania yule mweusi mrefu. Ametema. Amekunywa. Garrett alipokwenda kupiga, tuliona mgongo tu, namba thelathini na moja, kama nilivyojua. Nikamwomba radhi kwa ule mgongo.

"Mgongo wa baba yake huo," akasema. "Nyamaza."

Basi nikanyamaza, sielewi tena kiti kizuri ni kipi. Siku mbili za ramani, sababu tatu, na mwanamke huyu alikuwa na jua machoni na mgongo mbele yake, na sijamwona na furaha kama ile tangu harusi yake.

Zamu ya sita ndiyo hii, nisikilize.

Garrett alikuja kupiga. Korongo walikuwa wameingiza mrushaji mpya mwenye mkono wa moto. Mpira wa kwanza Garrett alichelewa. Wa pili alichelewa. Mrushaji akauomba mpira mwingine, akaupangusa, akaanza kujiweka sawa. Na hapo spika ikalia juu ya vichwa vyetu. Sauti changamfu ikatutaka kila mmoja atoe tiketi yake, atazame namba ya mwisho chini kulia, maana namba iliyobahatika leo itakula piza mwezi mzima. Tazameni tiketi zenu, ikasema. Tazameni sasa hivi.

Nikatoa tiketi yangu, ambayo ilikuwa ya Harold. Nikatafuta miwani. Nikatazama chini.

Nilisikia kigongo. Kisha nikasikia sauti ya pili, ambayo sitaieleza.

Nikainua kichwa. Nilitazama uwanjani sikuona kitu. Nikautafuta mpira angani. Nikamtazama Garrett, alikuwa amechuchumaa, mikono kichwani, kigongo kimelala mavumbini. Watu karibu yangu walikuwa wanaulizana nani, wapi, nini. Nina macho mawili mazima kwa umri wa miaka sabini na moja, na sikuwa na habari.

"Emil," Irma akasema kwa sauti ndogo. "Amempiga yule mama wa kofia ya njano."

"Umejuaje?"

"Nimeufuata mpira." Hakuwa amegeuza kichwa, bado alikuwa ameelekeza jicho ng'ambo. "Walikuwa wameinama wote. Safu nzima, kama watu wanaosali."

Nilikimbia. Nilizunguka uwanja wote nyuma ya viti, na juu ya ngazi za sehemu ya kumi na saba kijana wa ulinzi akanizuia kwa kifua. Akataka tiketi. Nikampa. Akaniambia hii ni ya sehemu ya sita. Nikasema najua, lakini kiti kile pale ni changu, yule mama amekaa kwenye kiti changu. Akasema tiketi haisemi hivyo. Nikasema namfahamu. Akaniuliza jina lake la ukoo, na wakati huo sikulijua. Tulisimama tukibishana hivyo, kiti cha nani, tiketi ya nani, na nyuma ya mgongo wake watu walikuwa wamemwinamia Wilma kwa taulo. Harold alipanda ngazi kutoka upande mwingine akiwa na vikombe viwili vya maji baridi ya ndimu, kimoja kila mkono. Alikuwa kwenye foleni ya vinywaji. Aliniona, akanitabasamia.

Muziki ukapigwa. Korongo wa manyoya akapanda juu ya banda akaanza kukata kiuno. Machela ikapita chini. Na nyinyi, baadhi yenu, mlipiga makofi kufuata muziki. Niliwaona. Sina hasira na makofi yenyewe, najua mtu akichanganyikiwa hufanya anachofanya jirani yake. Lakini niliwaona.

Baada ya dakika kumi na moja mchezo ukaendelea. Garrett alirudi kusimama akauacha mpira upite. Hakukiinua kigongo. Irma alisema alimwona akifumba macho, na mimi nikamwambia haiwezekani, kutoka hapa unaona mgongo. Akasema mama anajua.

Siku nne baadaye tuliitwa ofisini kwa Bwana Pruitt, naibu meneja wa uwanja, kutoa maelezo. Nilikwenda na karatasi ya Joe Babik kwenye mkoba. Bwana Pruitt alitupa kahawa na akasikitika sana. Kisha akaeleza mambo yalivyokuwa. Tangazo la piza, akasema, lilitolewa kabla ya mpigaji kutoka bandani, kama kanuni zinavyotaka. Wakati wa mpira ule spika ilikuwa kimya. Bibi Jeffcoat alikuwa anatazama tiketi kwa hiari yake. Nyuma ya kila tiketi imeandikwa kwamba mtazamaji ndiye mwenye jukumu la kuutazama mpira. Nikaomba tusikilize sauti iliyorekodiwa. Akasema matangazo hayarekodiwi.

Nikamwambia mimi nilikuwa nimeinama wakati nasikia kigongo, kwa sababu spika iliniambia niiname. Akafungua faili. Akasema mimi ni mjomba wa mpigaji. Akasema pia sikuwa kwenye kiti changu, wala bibi Jeffcoat hakuwa kwenye chake, na hilo ni kosa letu sote. Akageuza ukurasa, akataja, kwa upole, mgomo wa mwaka themanini na mbili, na ule wa themanini na sita. Nikamwambia amesahau wa sabini na tisa.

Ndipo akamgeukia Irma. Irma alikuwa amesimulia yote, kwa mpangilio: mrushaji anapangusa mpira, spika inasema, vichwa vinainama, mpira unachomoka. Mtu mmoja tu kati ya elfu nne ambaye hakutazama tiketi, kwa sababu hakuwa na jicho la kupoteza kwa tiketi. Bwana Pruitt aliinua mkono wake pembeni, mbali, karibu na kabati.

"Mama, samahani. Vidole vingapi hivi?"

"Vidole sivioni," Irma akasema. "Naona una doa la kahawa kwenye tai. Lina umbo la kiatu."

Alitazama tai yake. Doa lilikuwepo. Hata hivyo barua iliyokuja wiki iliyofuata ilisema shahidi mmoja ni ndugu mwenye historia ya uchochezi na mwingine ana uwezo mdogo sana wa kuona, na kwa hiyo klabu inabaki na msimamo wake. Harold naye walimuuliza, naye ni mtu mkweli: alikuwa kwenye foleni, alisikia spika, hakumbuki kama ilikuwa kabla au wakati. Garrett alikuwa anatazama mpira. Anasema hakusikia spika, hata treni ingepita asingeisikia. Hajapiga mpira vizuri tangu siku hiyo. Anajitahidi asichelewe, anawahi mno.

Nilikwenda kumwona Wilma nyumbani. Alikuwa jikoni, bandeji nyeupe upande wa kushoto, anamenya viazi na kuvikosa. Nilikuwa nimejitayarisha njia nzima. Nikamwambia kwamba nilijua. Kwamba mpigaji wa kushoto, mrushaji wa kasi, upande ule, safu ile, mtu yeyote wa besiboli anajua, na aliponiuliza kuna shida gani nilisema kivuli, na nilikuwa na glavu kwapani.

Akachukua kiazi kingine.

"Ungeniambia, ningekwenda tu," akasema. "Kivuli kilikuwa kizuri. Lakini ningekaa nimekodoa macho. Hata wangetangaza piza ya maisha, nisingeinama."

Sikujua kama amenisamehe au amenihukumu. Nimeyageuza maneno yale kama ile ramani yao, juu chini, chini juu. Hata akiniacha huru, bado ananipa sehemu yangu ya lawama. Na hata akinipa sehemu yangu, hawaachi huru wao. Nadhani ndivyo alivyotaka nielewe, lakini mimi ni fundi wa kuunganisha bomba, kile nilichojifunza vitabuni nilijifunza peke yangu, na hakuna kitabu kilichoniambia mtu agawanye vipi lawama ya jicho moja. Najua hili tu: sehemu yangu nimeisema kwa mdomo wangu, mbele yake. Wao sehemu yao wanaificha nyuma ya saa. Kabla, si wakati. Kwa hilo neno moja tu wamesimamisha kesi nzima.

Nimepita nyumba ishirini na sita za Lorimer, nyumba za watu ambao Rusnak anakumbuka aliwapangusia viti siku ile. Rusnak mwenyewe hawezi kusema lolote hadharani, ana mkataba wa msimu na mjukuu wa kulea, na simlaumu kwa sauti. Wengi wenu mlinifungulia mlango. Mlinipa maji. Mmoja alinionyesha tiketi yake, bado iko kwenye friji chini ya sumaku. Kisha nikauliza spika ilisema lini, na macho yenu yakaenda kwenye zulia. Mlisema ni muda sasa. Mlisema kulikuwa na kelele. Bwana mmoja wa safu ya tano aliniambia anaona aibu kwamba alikuwa anatafuta namba ya piza wakati mtu anapigwa.

Hiyo siyo aibu, bwana wa safu ya tano. Uliambiwa utazame chini, ukatazama chini. Mimi pia. Aibu itaanza Alhamisi, saa nne na dakika moja, kama bado unatazama zulia.

Irma atakuwepo. Amejifunza idadi ya ngazi za ukumbi wa jiji ili asishikwe mkono mbele yao. Bomba lake limepungua tena, sasa anasema linatosha uso mmoja kwa mara moja, na anasema uso mmoja unatosha, wa mwenyekiti. Lakini mwanamke mmoja mwenye jicho la bomba hawezi kuwashinda watu elfu nne wasiokumbuka.

Kama ulikuwa sehemu ya kumi na tano mpaka ya kumi na tisa, acha unachokifanya. Chukua karatasi, hata nyuma ya bahasha. Andika jina lako, safu uliyokaa, na macho yako yalikuwa wapi kigongo kilipolia, na nani aliyekuambia uyapeleke huko. Weka sahihi. Ukumbi wa jiji, ghorofa ya pili, Alhamisi kabla ya saa nne. Kama huna usafiri nipigie, Emil Oravec, nitakuja kukuchukua hata ukiwa ng'ambo ya ziwa. Usingoje jirani yako aandike kwanza, maana yeye anakungoja wewe. Andika sasa.